Mstari wa Manariyo

Kwaya nzima ilinyamaza, ila sauti moja ilichelewa.

Mwalimu Nduwayo alishusha mkono. "Nani huyo anaburuza mkia huko soprano?"

"Labda mbuzi wa jirani kaokoka, Mwalimu," alisema Feliksi wa besi.

Wasichana wakacheka, kisha kicheko kikawafia midomoni. Ndani ya kanisa la turubai palinuka ziwa: mchanga mbichi, dagaa, maji. Na kambi yao ilikuwa mbali na ziwa, huko bara kwenye vumbi jekundu.

Carmen hakucheka wala hakuogopa. Aliijua ile sauti. Ilikuwa ya dada yake, Manariyo.

Manariyo ndiye aliyeanzisha wimbo wao wa jioni tangu wakiwa Burundi. Walipokimbia wakafika Kagunga, watu walilala ufukweni mwa ziwa wakingoja meli ya kuwapeleka Kigoma, na ugonjwa wa kuhara ukawapukutisha. Carmen alitangulizwa na watoto. Manariyo, aliyekuwa ameugua, akabaki na rafiki yake Rozalia, mwimbaji wa alto. Rozalia alifika kambini peke yake.

"Nilimzika kwa mikono yangu hii," alimwambia Carmen, akamkumbatia. Tangu siku hiyo walilala chini ya blanketi moja, na Carmen akamwita dada.

Kwaya yao ilikuwa na desturi. Mwanzishaji akifa, wimbo wake huimbwa mara moja bila mstari wa kwanza. Mstari ule huachwa kimya, uende naye kaburini, ndipo mtu mwingine akabidhiwe. Jumapili iliyopita walimwachia Manariyo kimya chake. Harufu ya ziwa ilianza siku hiyo hiyo.

"Tuanze tena," alisema Mwalimu. "Rozalia, mstari sasa ni wako."

Rozalia akasogea mbele, akafumbua kinywa. Iliyotoka haikuwa sauti yake nzito, ilikuwa ile nyembamba ya Manariyo, inayokata pumzi katikati ya mstari kama alivyokata yeye tu, na kila ilipokata maji yalimtoka Rozalia kinywani, yakamtiririka kidevuni, yakalowesha blauzi na kudondoka vumbini, na wimbo haukukoma, ukashuka, ukashuka, mpaka ukawa mnong'ono, na mnong'ono ukawa maneno.

"Rozalia. Mbona mmeniimbia maziko, nami uliniacha napumua?"

"Mana yanje, Mungu wangu!" Rozalia akaanguka magoti, na sauti yake mwenyewe ikamrudia. "Meli ilikuwa inajaa! Wa kupanda walifungwa utepe mkononi. Yeye alikuwa nao, mimi sina. Nikamvua. Akafumbua macho, Carmen, akaniuliza, 'Unanipeleka kunawa?' Nikamwambia, 'Ndiyo, narudi sasa hivi.'"

"Ukamzika wapi?" Carmen aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sikumzika."

Mwalimu Nduwayo alikuwa wa kwanza kupata ulimi. "Hili ni jini la ziwani! Majini huiga sauti, husingizia watu!" Wakamzunguka Rozalia, wakamwekea mikono, wakakemea mpaka sauti zikawakauka. Harufu ikaondoka. Rozalia akafutwa uso, akafunikwa kanga.

"Mwalimu, amesema mwenyewe," Carmen alinong'ona.

"Mwanangu, lililosema ni jini. Tusivunje kwaya kwa ajili ya mtu asiyerudi. Kuna aliyesikia kingine hapa?"

Feliksi alitazama kandambili zake. Carmen akawatazama mmoja mmoja, watu waliomlilia dada yake wiki nzima, na kila aliyemtazama aligeuza uso.

Jumapili kanisa lilijaa. Rozalia aliuanzisha wimbo vizuri, kina mama wakajifuta machozi. Soprano ilipopaswa kuitikia, Carmen alifunga kinywa. Wenzake waliimba, yeye aliacha nafasi yake kimya, wazi kama mlango, maana sasa alijua kimya cha kwaya yao humwita nani.

Harufu ya ziwa ikaja taratibu. Kando yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu, mkono wenye majimaji na mchanga ukaingia kiganjani mwake. Kwenye kifundo cha mkono, ngozi ilikuwa imechubuka, kama mtu aliyevuliwa kitu kwa haraka.

Kule mbele, sauti ya Rozalia ikakatika katikati ya neno.

Mstari wa kwanza ukaanza upya, kwa sauti nyembamba, kutoka kando ya Carmen. Carmen akaufumbata ule mkono, akaukaza.