Taa ya Kijani ya Shekue

Kionjadamu kilikuwa kimefungwa ukutani katika zahanati ya mtaa, mjini Tanga, miaka ambayo watoto wetu wa leo watakuwa wazee. Unaweka kidole gumba, kinanyonya tone la damu, kinalionja. Maana mwili ukishatumia chakula huacha masazo ndani ya damu, chembe za mafuta, za sukari, na nyingine ambazo jicho halizioni. Mtu ambaye mshipa wake mkuu umevimba, ule unaotoka moyoni ukashuka hadi tumboni, masazo yake huwa na ladha ya peke yake. Mshipa huo huvimba kimyakimya kama tyubu ya baiskeli iliyochakaa, na siku ukipasuka hata kuaga huwahi. Kionjadamu hujua kabla mwenyewe hajasikia maumivu ya tumbo wala mgongo. Ikiwaka taa ya kijani, nenda zako. Ikiwaka ya njano, nenda hospitali kuu ukapigwe picha ya tumbo. Wakikuta uvimbe, mshipa unavalishwa soksi ya nyuzi kwa ndani, na mtu anaishi mpaka anaota mvi.

Jambo zuri kabisa. Sisi binadamu tukaliingiza kwenye posa.

Ikawa desturi: kabla ya ndoa, wazee wa pande mbili wanamsindikiza bwana harusi zahanati. Wakaiita siku ya taa. Kijani, vigelegele. Njano, watu wa upande wa mke wanaaga kwa adabu na hawarudi tena.

Shekue, fundi wa roboti za bandarini, alitangulia kwenda peke yake, ajipime kabla ya siku yenyewe. Akarudi nyumbani, akakaa barazani bila kuvua viatu. Mama yake, Bi Mgeni, mjane, akamuuliza kulikoni.

"Imewaka njano, mama. Nimepangiwa picha mwezi ujao."

"Nani kaiona?"

"Mimi na ukuta."

"Basi ibaki hivyo. Mtaa huu, ukikohoa chumbani, mtu wa mbali kule Chumbageni anakupa pole."

Bi Mgeni hakushangaa ile njano. Mumewe alianguka msikitini ameshika tumbo, na kaka wa mumewe vivyo hivyo. Lakini mwanawe alikuwa amempenda Zawena, na watu wa kwao Zawena walikuwa wagumu. Akafanya walichokuwa wakifanya kina mama wengi kwa siri, kuogesha damu ili kionjadamu kidanganyike. Nyama marufuku, uji mwembamba usio na chumvi, na asubuhi na jioni kikombe cha mwarobaini na ndimu.

"Chungu hii, mama. Hata roboti angeikataa."

"Kunywa. Zawena unamtaka, humtaki?"

Shekue akacheka, akaziba pua, akanywa.

Masazo yakabadilika, mshipa ukabaki vilevile. Siku ya taa ikawaka kijani, vigelegele vikasikika mpaka barabara kuu. Na kile kionjadamu, ambacho hufuata taa ya mwisho tu, kikaifuta ile miadi ya Shekue ya picha.

Ndoa ilikuwa bado mpya Shekue alipoanza kulalamikia mgongo. Zawena akampeleka zahanati. Roboti mganga akasoma kwenye kumbukumbu kijani cha siku ya taa, akatoa dawa ya kuchua. Zawena hakuridhika. Aliporudi alimkuta mkwewe anachambua mchele.

"Mama, hakuna maradhi ya ukoo hapa? Baba yake alikufa na nini?"

"Siku zake zilifika," alisema Bi Mgeni, hakuinua macho. "Kijani si ulikiona mwenyewe?"

Bi Mgeni alikuwa ameshaanza kukiamini na yeye hicho kijani.

Shekue alifariki Ijumaa akivaa kanzu, mkono mmoja umeshaingia. Zawena akabaki na mimba changa, amekaa eda katika nyumba ya mkwewe, chumba cha nyuma, pazia limeshushwa.

Matanga yalipokwisha, jirani yao Bi Riziki akaja. Akatoa pole, akakohoa kidogo, akasogea.

"Dada, mwanangu siku yake ya taa ni wiki ijayo. Juzi kwa siri imewaka njano. Ile dawa yako ya kuogesha, mwarobaini unachemsha na ndimu, au ndimu baadaye?"

Bi Mgeni akatikisa kichwa.

"Mpeleke akapigwe picha, Riziki."

"Lakini wa kwako si dawa ilimkubali?"

"Ilimkubali. Ndiyo maana nimemzika."

Pazia likasogea. Zawena alikuwa amesimama, mkono umeshika fremu ya mlango. Bi Riziki akaokota kanga yake, akatoka bila kuaga.

"Iliwahi kumwakia njano?" aliuliza Zawena.

"Ndiyo, mwanangu."

"Na alipokuwa halali kwa mgongo, ulijua?"

"Nilijua."

"Alikunywa mwenyewe, au ulimlazimisha?"

Bi Mgeni angeweza kusema uongo hapo, ukampunguzia mwenzake uchungu. Ila alikuwa amechoka nao.

"Alikunywa mwenyewe. Alikuwa anakutaka wewe."

Zawena alirudi ndani, akalala ameelekea ukutani, amelikumbatia tumbo lake. Eda ya mjamzito huisha kwa kujifungua, na mimba ilikuwa haijaonekana hata kwenye nguo. Mpaka hapo hakuwa na ruhusa ya kuhama nyumba ile. Bi Mgeni alikaa upande wa pili wa pazia akimsikiliza anavyopumua.