Mwano wa Alasiri

Asubuhi ile Zipora alichana khanga yake kuukuu ya njano, akakisokota kipande na kumwekea bintiye kichwani. Ilikuwa zamu ya darasa la saba kupeleka maji ya bustani ya shule alasiri hiyo, na Serafina alikuwa amepoteza ngata yake ya kutegemezea ndoo.

"Wenzangu watasema nimemvaa bibi kichwani," Serafina alilalamika.

"Mwambie bibi asimame vizuri, ndoo isimwagike."

Mtoto akaenda zake akicheka. Zipora alimtazama mpaka alipoteremka kwenye mto mkavu wa mchanga, wenye visima vya kuchimba, kisha akarudi ndani kufunga pamba yake. Mwaka ulikuwa 1983, kiangazi, msimu wa kuuza.

Kijiji chao, Mwalukindo, kilikuwa upande wa Kishapu. Nchi ya pamba na ng'ombe, miti haba, kiasi kwamba wanawake walipikia kinyesi kikavu cha ng'ombe. Moshi wake huuma macho na kuyafanya mekundu. Kijana mwenye macho mekundu huambiwa ni moshi. Mjane mzee akiwa nayo, watu hutafuta sababu nyingine.

Alasiri kijiji kizima kilikuwa kwenye gulio la pamba, kwenye foleni ya mizani. Shemeji yake Zipora, Maduhu, ndiye aliyekuwa akipanga foleni. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na tangu sungusungu, walinzi wa kijiji, waanzishwe, alikuwa kamanda wao. Alikuwa mcheshi. Pasaka aliporudi kutoka kuchimba dhahabu Geita, alimletea Zipora sabuni, kitu ambacho mwaka ule hakikuonekana dukani, na kumwomba amfulie suruali. Tope lake lilikuwa la kijivu, na maji ya karai yalibaki yakimetameta. Zipora alimtania kwamba amemfulia utajiri wote. Maduhu akacheka, akasema shimo lake bado halijafunguka.

"Dhahabu haimtaki mgeni, shemeji," alisema. "Inamtaka wa nyumbani."

Zipora alicheka naye.

Basi wakiwa hapo gulioni, mwano ulipigwa kutoka mtoni.

Kwa Wasukuma, mwano si kelele za kawaida. Ni yowe la kuomba msaada, na ukipigwa, kila mwanamume hushika upinde au rungu akakimbilia unakotoka. Wanawake huupokea na kuupeleka mbele. Hauulizwi umepigwa na nani. Mtu akiusikia akakaa, hutengwa: hapewi moto, haitikiwi salamu, na akifiwa huchimba kaburi peke yake.

Wanaume walikuwa wameshaanza kukimbia Maduhu alipoinua mkono.

"Hiyo sauti ya Nyamizi," alisema. "Mwano wa mchawi haukimbiliwi. Anatuita."

Wakasimama. Nyamizi alikuwa mjane wa ng'ambo ya mto, macho mekundu, hana mtoto. Yowe likapigwa tena, fupi kuliko la kwanza. Mara ya tatu likakatika katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo. Karani wa gulio akarudi kwenye mizani yake. Zipora naye akalisogeza gunia lake mbele.

Serafina hakurudi nyumbani. Ndoo yake ilikutwa katikati ya mchanga, imesimamishwa vizuri, tupu. Ngata haikuwepo.

*

Polisi aliyeletwa aliitwa Sajenti Ignas, mtu wa mkoa mwingine, mpole, mwenye pikipiki. Alikuta hofu imemtangulia. Wazazi walikuwa wamewatoa watoto shuleni, madawati yamebaki na vumbi. Mchuuzi wa chumvi alikuwa amepigwa mnadani kwa sababu tu alibeba gunia kubwa. Ilisemekana wachimbaji wa Geita wanatafuta watoto wa kafara ya kuyafungulia mashimo. Wengine walisema mtoto yuko papa hapa kijijini, amefanywa msukule, analima shamba la mtu usiku na mchana, halali.

Maduhu ndiye aliyemshauri sajenti awaambie watu kila kitu. Watu wakifichwa, alisema, watauana. Sajenti akaona ni neno la busara. Kila jioni alipanda kwenye jukwaa la mizani akaeleza alichokipata siku ile: alama za matairi ya gari dogo ng'ambo ya mto, nyayo za wanaume wawili, alama za baiskeli. Kijiji hakikuwahi kuona polisi wa namna hiyo. Waliowajua walikuwa wa kuuliza na kuondoka. Huyu alisema. Watu wakaanza kumwita mwana wetu, na Zipora, aliyekuwa hali wala halali, alimwamini kuliko mtu yeyote.

Kwa sababu ya imani hiyo alivuka mto kwenda kwa Nyamizi kumtafutia sajenti ushahidi.

Bibi kizee alikuwa ameketi mlangoni, akipepeta mtama. Hakushangaa. Alimkaribisha, akaitikia shikamoo yake, akaendelea kupepeta.

"Nilipiga mwano, mayu, mama yangu," alisema baadaye. "Mlinisikia?"

"Tulikusikia, bibi."

Ungo ukasimama.

Kisha akaeleza kwa kunong'ona. Aliona wanaume wawili, wageni, wakimvusha binti kwa nguvu kuelekea kwenye gari. Mmoja alisukuma baiskeli. Wageni hao hakuwajua. Baiskeli aliijua. Zipora alimshika miguu amwambie ni ya nani, lakini bibi alikataa, akasema Zipora akilijua jina atakwenda mwenyewe usiku huohuo, na atauawa. Angemwonyesha polisi kwa kidole, kesho, baiskeli yenyewe ikiwa mbele ya macho.

"Lakini maneno haya yawe masikioni mwako na mwa polisi tu," alisema. "Yakitoka hapo, mimi nimekufa."

Zipora aliapa kwa jina la Serafina.

Alimkuta sajenti akifuta pikipiki. Alimweleza yote, na mara mbili akamwomba asimtaje bibi. Sajenti alitikisa kichwa kukubali. "Nimesikia, mama," alisema.

Jioni alipanda jukwaani. Akasema watu watulie, hapa hakuna uchawi, kuna wezi wa watoto. Akasema sasa yupo shahidi, bibi anayekaa ng'ambo ya mto, yule mliyemdhania vibaya. Ameiona baiskeli iliyotumika, na kesho atamwonyesha.

Watu walianza kupiga makofi, na wa kwanza kupiga alikuwa Maduhu.

*

Asubuhi walikuta paa la Nyamizi limeteketea. Bibi alikuwa ndani, karibu na mlango. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na moto ulikuwa haujakifikia.

Zipora alimfuata sajenti palepale kwenye majivu.

"Nilikuomba."

"Nilidhani wakijua, watamlinda," sajenti alisema.

"Walijua. Ndiyo maana wakaja."

Siku hiyohiyo Maduhu alitangaza, bila kuulizwa, kwamba baiskeli yake iliibwa siku ile mtoto alipopotea. Alisema aliona aibu kuzungumzia chuma wakati shemeji yake analia mtoto. Watu wakamsifu kwa uungwana huo. Zipora aliyasikia maneno hayo akiwa ameinama, na alipoinua uso hakuwa akimwona shemeji yake tena. Aliona karai, na maji yanayometameta. Inamtaka wa nyumbani.

Alimweleza sajenti. Sajenti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia ukweli kama kawaida yake. Saa ile ya mwano Maduhu alikuwa gulioni, na kijiji kizima kilimwona. Shahidi aliyekuwepo amekufa.

"Hata wewe, mama," alisema, "nikikupeleka mahakamani utaulizwa alikuwa wapi. Utasema alikuwa wapi?"

Maduhu alikuwa mbele ya Zipora kwenye foleni. Alikuwa ameinua mkono, na yeye, mama mzazi, alikuwa ameutii.

Jioni sajenti akapanda jukwaani akasema hana shahidi tena. Alisema wazi, akashuka, akarudi kituoni.

*

Nyamizi alizikwa na watu wachache. Kesho yake, alasiri, jua kali, foleni ikiwa imepangwa, mwano ulipigwa kutoka mtoni.

Ilikuwa sauti yake.

Hakuna aliyeinua upinde. Karani alikuwa ameshika jiwe la mizani, akabaki amelishika. Yowe la pili likaja, fupi. La tatu likakatika katikati.

Maduhu alisema ni upepo. Hapakuwa na upepo. Vumbi lilikuwa limelala.

Siku iliyofuata likaja tena, saa ileile. Mbwa waliingia chini ya magunia. Watu wakaacha kupita mtoni, hata waliokuwa na jamaa ng'ambo. Mwalimu mkuu akafunga shule, maana watoto wachache waliobaki walikuwa wakisimama wote kwa pamoja inapofika alasiri na kutazama dirishani. Alipowauliza wanatazama nini, walimjibu kwamba Serafina anauliza kwa nini hawaji.

Zipora alikwenda. Peke yake, mchana kweupe, alifuata yowe mpaka katikati ya mchanga. Lilipokatika alikuwa amesimama mahali palipokutwa ndoo. Hapakuwa na mtu. Aliita jina la mwanawe. Alipogeuka kurudi, aliona nyayo zake alizokuja nazo, na pembeni yake nyayo nyingine, ndogo, pekupeku. Zilikuja naye. Hazikuwa zikirudi.

Hakumwambia mtu. Kwa sajenti hakwenda.

Kisha ikaja siku ya mwisho ya gulio. Wote walikuwepo. Maduhu alikuwa juu ya jukwaa, akimsaidia karani kuinua gunia, akimtania kwamba mkono wake mwepesi kama mizani yake. Watu walicheka. Mwano ukapigwa.

Kicheko kikafa.

Haikuwa sauti ya Nyamizi.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Waliijua wote. Iliwaamsha usiku wa doria, iliwahesabu kwenye mikutano, iliwaambia wasimame siku ile. Ilikuwa sauti ya Maduhu, inatoka mtoni, inaomba msaada.

Na Maduhu alikuwa mbele yao, mdomo umefungwa.

Gunia lilimponyoka. Pamba ikamwagika miguuni pake. Yowe likaja mara ya pili. Safari hii lilitaja majina. Lilimwita karani. Lilimwita Athanas mwenye mashine ya kusaga. Liliita mmoja mmoja, kama mtu anayewaona kutoka alipo. Kisha likaita, "Shemeji."

Watu wote wakamgeukia Zipora.

Alikuwa ameketi juu ya gunia lake. Alisimama, akajifunga khanga vizuri. Hakupaza sauti.

"Unaitwa, baba mdogo wa Serafina," alisema. "Wewe ndiye kamanda. Mwano hauachwi."

"Shemeji, hiyo ni..."

"Ni sauti ya nani?"

Maduhu aliwatazama wanaume wake. Walikuwa na pinde. Mmoja aliinamisha macho, kisha wa pili, kisha wote. Wakafungua njia katikati yao, pana ya kupita mtu mmoja, kuelekea mtoni. Hakuna aliyemgusa.

Akateremka jukwaani. Alitembea taratibu mwanzoni, kama mtu anayetumaini kuitwa nyuma. Mwishoni alikuwa akikimbia, na haikueleweka kama anaukimbilia mto au anavutwa.

Alipozama bondeni, mwano ulipigwa mara ya tatu. Haukukatika. Uliendelea mpaka pumzi yake ikaisha.

Wanaume walisimama. Mikono yao ilikuwa kwenye pinde. Zipora alilisogeza gunia lake mbele, mpaka kwenye mizani.

"Pima," alimwambia karani.

Karani akapima.

*

Sajenti Ignas alirudi baada ya ndugu wa Maduhu kwenda kituoni. Aliteremka mtoni, akakuta kandambili za matairi za Maduhu mahali palepale ilipokutwa ndoo, zimepangwa pamoja. Nyayo zilikwenda mpaka hapo. Mbele yake mchanga ulikuwa laini, bila alama.

Jioni alipanda jukwaani kama zamani. Alieleza alichokiona, hakuficha kitu. Kisha akauliza nani alisikia chochote.

Wanawake waliwatazama watoto wao migongoni. Mwishowe sajenti akateremka, akaja mpaka mbele ya Zipora, akainama.

"Mama Serafina," alinong'ona, "niambie mimi tu. Haitatoka hapa."



"Hatukusikia kitu, mwanangu," Zipora alisema.

Aliporudi nyumbani alikuta ngata kwenye kizingiti. Ya khanga ya njano, imepauka, imesokotwa kwa mkono wake. Ilikuwa imelowa. Mto ulikuwa mkavu tangu mwezi wa tano, na sasa hata visima vya mchangani vilikuwa vimekauka. Aliikamua. Yakatoka maji ya kijivu, mazito, na mikononi mwake yakabaki yakimetameta.

Aliitundika juani, uani. Jioni ngata ilikuwa bado inadondosha maji. Kesho yake vilevile. Kiangazi chote, jua likipasua ardhi, ngata ile ilidondosha matone ya kijivu, na mahali yalipoangukia hapakuota jani.

Mvua za kwanza zilikuja mwezi wa kumi na moja, nyingi, usiku kucha. Asubuhi ua mzima ulikuwa maji matupu. Zipora alitoka, akaishika ngata pale ilipokuwa ikining'inia.

Ilikuwa kavu, na ilikuwa na joto, kama kitu kilichotolewa kichwani mwa mtu sasa hivi.