Mikono ya Adrisi na Miguu ya Ramlah

Kila asubuhi Adrisi aliifuta pikipiki yake kana kwamba kuna abiria anamngoja. Hakukuwa na abiria. Ulikuwa mwaka wa korona, na bodaboda zilikatazwa kubeba watu. Pale Nalufenya, mjini Jinja, barabara ilikuwa kimya.

Binti yake Ramlah alikuwa na miaka minne. Ubongo wake uliumia alipozaliwa, na misuli ya miguu yake ilikaza. Kabla ya korona, kila Jumanne mama yake, Zulaika, alimpeleka kliniki kwa Proscovia, musawo, yaani mganga, wa mazoezi ya viungo. Mtoto akaanza kuketi peke yake. Kisha chumba cha mazoezi kikafungwa. Wiki saba zikapita. Magoti yakakunjika tena. Ramlah akiketishwa, alianguka.

Adrisi aliogopa, na hofu yake akaificha ndani ya bidii. Kila siku baada ya chai alimlaza mtoto mkekani, akashika miguu, akavuta. Ramlah alipiga mayowe.

“Bwana, huyo si kuruta,” Zulaika alisema, huku akisuka kikapu. “Mimi nikivuta ukindu mkavu, hukatika. Huulowesha kwanza.”

“Kwani mtoto ni kikapu?”

“Kikapu hakilii.”

Kesho yake Adrisi akavuta tena.

Siku moja alirudi kutoka dukani na sukari. Ramlah alipomwona mlangoni, alificha uso kifuani mwa mama yake, akalia. Adrisi alikuwa hajamgusa. Alisimama na sukari yake mkononi, asijue pa kuiweka.

“Mama Ramlah,” alisema kwa sauti ndogo, “mpigie musawo.”

Proscovia alikuwa kwao Wanale, kule Mbale. Alikwenda kumwona mama yake, na safari zikafungwa akiwa huko. Uso wake ulitokea kwenye simu.

“Hamjambo, jamani? Ramlah anaendeleaje?”

“Vibaya, musawo,” alisema Adrisi. “Miguu inakaza. Na mimi ananikimbia.”

“Nionyeshe unavyofanya.”

Adrisi alishika mguu. Ramlah alilia hapo hapo.

“Mwache kwanza! Baba Ramlah, nia yako ni njema. Lakini misuli iliyokaza ukiivuta ghafla hukaza zaidi. Ukilazimisha, utamuumiza.”

“Nifanyeje basi?”

“Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu. Yapime kwa kiwiko chako. Kisha mpakate, cheza naye. Akitulia, nyoosha goti polepole. Likianza kukataa, simama hapo. Usivute. Shikilia tu, hesabu mpaka ishirini. Akilia kwa maumivu, acha.”

“Si nilisema? Maji kwanza!” Zulaika alidakia.

Proscovia alicheka. “Mama Ramlah, kliniki ikifunguliwa nitakuajiri.”

“Lakini musawo,” Adrisi alisema, “mikono yangu imezoea pikipiki.”

“Vizuri. Basi inajua breki. Fanya kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Na mketishe kwenye kona ya ukuta, mto huku na mto huku, aweze kucheza. Kila Jumanne nitapiga simu nione.”

Siku ya kwanza Adrisi hakugusa miguu kabisa. Alimwogesha tu, akamwimbia. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya nne alilishika goti moja, akahesabu mpaka ishirini. Ramlah alimtazama usoni, lakini hakulia.

Jumanne zikaja zikapita. Magoti yalilegea. Mwezi wa pili wa mazoezi hayo Ramlah aliketi kwenye kona yake akichezea vifuniko vya sufuria. Mwezi wa tatu Zulaika aliondoa mito, na mtoto hakuanguka. Kule Mbale, Proscovia alipiga makofi mpaka simu ikamponyoka.

Asubuhi moja Adrisi alikawia nje akizungumza na jirani. Ramlah alikuwa ameshaogeshwa, yuko mkekani. Aliposikia hatua za baba yake, aligeuza kichwa. Kisha, taratibu, akamnyooshea mguu mmoja.

“Baba,” alisema, “shika.”