Kifupa cha Golapi

Kiunzi cha mifupa kilichoning'inia kwenye ndoano kilimeza mate.

Motaleb alikuwa peke yake karakanani, kando ya mto, saa saba mchana, koleo mkononi, akikaza waya wa shaba kwenye mbavu. Alisikia wazi: glu, kama mtu anayetaka kuanza kusema. Mbele yake palikuwa na mifupa iliyochemshwa, ikaanikwa juani, ikaungwa kiungo kwa kiungo ili wanafunzi wa udaktari kule Kolkata waone fuvu linavyolinda ubongo na mbavu zinavyoufunika moyo. Mifupa mia mbili na mitano. Mmoja umepungua: kifupa cha chini ya ulimi, chenye umbo la upinde, kisichoungana na mfupa wowote, kinashikiliwa na misuli tu. Mafundi wa pale huamini maiti asiye nacho hawezi kumshtaki mtu.

Kilikuwa mfukoni mwa Motaleb.

Nisizunguke. Mkono wa kushoto wa kiunzi kile ulikuwa na nundu pale mfupa ulipowahi kuvunjika, na nundu ile Motaleb aliijua, maana ndiye aliyeufunga mkono huo kwa vibanzi vya mianzi miaka tisa nyuma. Golapi, binti wa nyumba ya tatu kutoka kwake. Mafuriko yalimchukua, mto ukamrudisha bila uso, akaandikwa hana ndugu, mwili ukauzwa karakanani. Motaleb angeweza kusema. Lakini kiunzi kilikuwa kinasubiriwa Kolkata. Akakitoa kifupa kile, asije akamshtaki.

Kiunzi kikapakiwa kwenye lori, kikaenda. Glu ikabaki, ikamfuata nyumbani, ikawa nyuma ya mtungi, ikawa chini ya kitanda, pamoja na harufu ya chokaa na tope la mto iliyoingia hadi kwenye wali, mpaka asubuhi moja bintiye Jharna akafungua mdomo kumwita mama yake, na sauti ikakwama, ikatoka glu.

Wakamwita Rabeya Bibi, mtoa majini.

"Umeficha nini, Motaleb?"

"Sijaficha kitu, bibi."

"Mtoto anakabwa, wewe unanichezea?"

Akakitoa kifupa mfukoni.

"Mjinga wewe," Rabeya alinong'ona. "Umeacha tundu kooni mwa mtu, jini wa mto akaingia humo. Mpelekee mama wa mwenye kifupa, na umwambie kwa mdomo wako. Kukirudisha bila kusema hakutoshi."

Alimkuta mama Golapi akipakua sahani mbili, kama kila siku.

"Motaleb, mwanangu, nyie watu wa mtoni mnasikia mengi. Hujasikia habari za Golapi?"

Kifupa kilimchoma kiganjani kama kaa la moto.

"Bado, mama."

Akazunguka nyuma ya zizi la ng'ombe, akakifukia kimyakimya, akarudi kwake akijiambia kwamba kurudisha ni kurudisha.

Jharna alikuwa anacheka. Mkewe Sokhina alilia kwa furaha, akakaanga samaki. Harufu ya tope haikuwepo tena. Wakakaa kula.

Jharna hakugusa chakula. Alikuwa anausugua mkono wake wa kushoto, polepole, pale ambapo hajawahi kuumia.

"Ulinifunga vizuri, kaka Motaleb," alisema, kwa sauti ya mwanamke mzima. "Ila mama bado ananipakulia. Utamwambia wewe, au niende nikamwambie mimi, kwa mdomo huuhuu?"