Nani Aling'oa Jiliwa la Marehemu

Jiliwa halikuwepo. Msasa alisukuma mlango wa karakana Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, akataka kuweka chai yake juu ya meza ya kazi, kikombe nusura kimponyoke. Ukingoni mwa meza, pale kilipokaa kile chuma kizito cha kubania mbao tangu kabla yeye hajazaliwa, palibaki pengo jeupe kama jino lililong'oka.

Alikuwa binti wa marehemu fundi, yule aliyekufa kwa kifua, na wateja walimwita Msasa kwa kuwa akilishika jambo hulisugua taratibu mpaka lilainike. Aliinama akatazama.

Vichwa vya bolti zilizolishika jiliwa, marehemu alivizamisha kwenye uso wa meza, akavifunika kwa vizibo vya mbao na kuvipiga randa, hata mgeni akipapasa hahisi kitu. Vizibo vyote vilikuwa vimechokolewa kwa upole, meza haikuchubuka. Kufuli lilikuwa zima. Chini ya meza pamefagiwa, na katika vumbi lililobaki pembeni kulikuwa na vijishimo vidogo vidogo, kama pamepita rasharasha. Lakini mvua haikunyesha wiki nzima, na bati halikuvuja.

"Funguo ni tatu," alisema baba mdogo, mdogo wa marehemu, aliyeisimamia karakana. "Wangu huu hapa kiunoni. Wako unalala msumarini nyumbani kwenu. Umebaki wa nani?"

Akamtazama Twiga, aliyekuwa ndiyo kwanza anainama kupita mlangoni. Twiga alifundishwa kazi na marehemu mwenyewe, na mwaka ukiisha alikuwa amwoe Msasa.

"Na bolti zilipo anapajua nani?" baba mdogo akaendelea.

"Mimi napajua," alisema Msasa.

"Nawe umejiibia?"

"Baba mdogo," alisema Twiga akicheka kidogo, "jiliwa lile ningelitia mfuko gani?"

"Usinichekeshe! Kikulacho ki nguoni mwako. Saa kumi jioni isipolikuta hapa, utayaeleza kituoni. Msasa, fungua sanduku lake."

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Mama yake Msasa naye alikuja, akasimama nyuma yao, khanga kichwani. Hakuuliza kimeibwa nini.

Msasa akapiga magoti. Alitoa randa ya Twiga, patasi, msumeno, shati moja, akavipanga sakafuni. Jiliwa haliingii sandukuni, lakini spana inaingia. Spana haikuwemo. Alipoinua kichwa, Twiga alikuwa anaangalia ukutani.

Saa nne Msasa alivuka barabara kwenda kwa fundi vitanda, aliyelitamani jiliwa lile miaka na miaka. Kwenye meza yake lilikaa jiliwa kuukuu, limepakwa rangi ya kijani mbichi.

"Umelipata lini hili?"

"Juzi, kwenye vyuma vya mitumba. Mbona unalikagua kama mchumba?"

Baba yake alimfundisha kwamba rangi ni nguo tu. Msasa akazungusha mkono wa jiliwa, akafungua taya mpaka mwisho, akapitisha ukucha juu ya meno ya skrubu. Yalilika karibu na mdomo: hili lilibana mbao nyembamba maisha yake yote. La baba lililika katikati, kwa miguu ya viti na ya meza. Kisha akalifunga polepole, akichungulia mwanga. Taya zilikutana juu na chini kwa pamoja. La baba hukutana juu kwanza, chini pakabaki uwazi wa unene wa karatasi, na ukikaza, linashika kote.

"Silo."

"Umeona? La baba yako ni bwana harusi, hili ni msindikizaji. Ningeliiba lile ningelala nalo kitandani!" Akapunguza sauti. "Mwone muuza vyuma. Jana alipita hapa na mkokoteni, kafunika kitu kwa gunia, hata salamu yangu hakuitikia."

Msasa alimkuta muuza vyuma ameketi kati ya majembe mabovu na minyororo. Gunia lilikuwa nyuma yake. Msasa hakuomba ruhusa. Alilifunua, akazungusha mkono, akatazama taya zikikutana. Juu kwanza.

"Nani kakuuzia?"

"Binti, mimi nanunua chuma, sinunui na ukoo wake."

"Ni la wizi hili."

"La wizi? Jana saa tisa mchana, watu wanapita, nimefunguliwa mlango kwa ufunguo! Tena bei hatukubishana. Niliombwa kitu kimoja: lisibaki mtaa huu."

"Ni mtu mrefu?"

Muuza vyuma akavuta gunia, akalifunika jiliwa tena. "Nimeapa kutosema. Usiniongezee dhambi."

"Bolti ulifungua wewe?"

"Zilikuwa zimeshafunguliwa. Mimi nilibeba tu. Nikiwa natoka, nyuma yangu panafagiwa, tena pananyunyizwa maji kwanza. Miaka yangu yote sijaona mwizi anayefagia."

Maji. Msasa alikaa juu ya pipa. Seremala hanyunyizi maji karakanani. Vyuma vitashika kutu, mbao zitavimba. Baba mdogo hajawahi kushika ufagio, na Twiga hufagia pakavu mpaka watu wanapiga chafya. Anayenyunyiza kabla ya kufagia ni mtu aliyekaa na mgonjwa asiyestahimili vumbi.

Mama alikuwa uani akikunja shuka.

"Mama, ulinyunyiza maji."

"Maji gani?"

"Ya karakanani. Jana."

Mama akakunja shuka ile, akaikunjua, akaikunja tena.

"Bolti nani alikuonyesha?"

"Na mbona huulizi nani alizifunga? Nilikuwa bibi harusi wa wiki moja. Baba yako juu na spana, mimi chini ya meza nimelibeba begani mpaka amalize. Kisha akatoka kuwaita wenzake waje waone jiliwa. Mimi nikaachwa chini ya meza."

"Ndiyo ukaliuza?"

"Kwa hilo? Ningeliuza siku ile ile! Miaka miwili nimemshika mgongo akikohoa unga wa mbao. Nikamzika, nikasema basi. Kumbe wewe umesimama pale pale penye vumbi, na umejichagulia mwingine wa kukohoa. Nikaona likiondoka, kazi itakufa, mtatafuta nyingine."

"Na Twiga? Ulisimama mlangoni ukaniona nampekua."

"Sikupanga asingiziwe. Baba yako mdogo alipomtaja, mlango ulifunguka wenyewe." Mama alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Nikaona bora aondoke mzima, ulie mwaka mmoja."

"Bora aitwe mwizi?"

Mama aliinua kapu la nguo akaingia ndani.

Kabla ya saa kumi mkokoteni wa muuza vyuma ulisimama mbele ya karakana, Twiga akisaidia kuusukuma, jiliwa likiwa ndani. Msasa alisema yote mbele ya majirani, bila kumficha mama yake.

Baba mdogo alikuna kidevu. "Haya, ni ya nyumbani hayo, tuyafunike. Twiga, rudi kazini. Yamekwisha."

"Kwako," alisema Twiga. Alikuwa anaokota zana zake pale sakafuni zilipopangwa.

"Nimewaambia wote si wewe," alisema Msasa.

"Nimesikia. Na muuza vyuma amenisimulia njia nzima alivyoulizwa. Ati ni mtu mrefu?"

"Ilibidi niulize wote."

"Hukuuliza wote. Ulianza na mimi, mama yako ukammalizia." Akafunga sanduku. "Sikulaumu. Kazi yako ni kusugua. Ila mimi si mbao."

Fundi vitanda alimpa Twiga meza ya kazi kabla hajafika kona. Siku hizi jiliwa la marehemu limerudi mahali pake, vizibo vipya juu. Asubuhi Msasa na Twiga hufungua milango saa ileile, mmoja upande huu wa barabara, mwingine upande ule.

"Umeamkaje?"

"Salama. Wewe?"

"Salama."

Kisha kila mmoja huinamia meza yake.