Hitilafu Ambayo Renata Hakuiandika

Kwenye foleni ya kahawa, katika mkutano wa watengeneza ramani pale Denver, jamaa mrefu aliyevaa shati la mirabaraba alimmwagia Renata kahawa kwenye gauni lake la kijani. Aliomba radhi mpaka ikawa kichekesho. Renata akamuuliza kama ndivyo anavyotongoza.

"Kwa kawaida naanza na ramani," akajibu.

Huyo ndiye Everett, aliyeandika peke yake maktaba ya programu, yaani vipande vilivyo tayari vya kuchorea ramani kwenye simu, kisha akawaachia watu bure. Na Renata alikuwa akitafuta maktaba ya namna hiyo hiyo, aitumie kujengea programu ya waokoaji wa milimani. Basi tena! Theluji haijaanguka, wawili hao wanakula sahani moja, pilipili za kijani zikiwatoa machozi, Everett akimwita "bosi wangu."

Zilibaki maktaba mbili za kuchagua. Ile ya kampuni ilikuwa nzito, lakini haikukosea. Ya Everett ilipendeza kama mwenyewe, ila mtandao ukikatika na ramani ikiwa kubwa, kioo cha simu kilibaki cheupe. Watu wa kazi hii wana desturi moja: ukiona hitilafu, unaiandika kwenye ukurasa wa maktaba, mbele ya wote, mwenyewe airekebishe. Renata aliandika, akafuta. Amwaibishe mpenzi wake hadharani? Akanyamaza, na kazini akasema maktaba bora ni ya Everett. Wanasema mapenzi ni upofu. Uongo. Renata aliona vizuri kabisa.

Januari, binti mmoja alipotea akiteleza kwenye theluji. Waokoaji walipoingia bondeni, simu zao zote zikawa nyeupe. Walimpata hai, lakini wamechelewa, na hospitali ikamkata miguu yote miwili, imeganda kwa baridi.

Everett akapiga simu.

"Bosi wangu, niambie hukujua."

Renata alishindwa kumficha mara ya pili. "Nilijua. Tangu Oktoba."

"Sasa mbona hukuniandikia?"

"Niliogopa kukuumiza, mpenzi. Niliogopa utaniacha."



"Ungeandika mstari mmoja tu, Renata. Ningeitengeneza jioni ile ile, na yule binti angekuwa anatembea."

"Nisamehe."

"Nakupenda, na hilo ndilo linaloniua. Nikikutazama nitamwona yeye."

Hakupokea simu tena. Kesho yake Renata alivaa lile gauni la kijani, doa bado lipo, akaenda kugonga mlangoni kwake. Hakufunguliwa. Akakaa kwenye ngazi, akatoa simu, akaufungua ukurasa wa maktaba na kuiandika hitilafu yote, huku machozi yakidondokea kioo. Alipobonyeza kutuma, ikakataa. Juu ya ukurasa palikuwa na maneno mapya: mwenyewe ameifunga kazi hii, hapokei tena taarifa yoyote.

Renata akabonyeza tena.