Mbu wa Wening

Jumamosi asubuhi soko la Beringharjo lilifurika, watu wakipishana kwa mabega. Wening, msichana mrefu aliyevaa sketi ya zambarau, alisimama kwenye kibanda cha nguo cha Danang akaulizia blauzi ya batiki ya mikono mirefu.

"Joto lote hili, dada? Unajificha usionwe na nani?"

"Na wauzaji wenye maswali."

Danang akacheka. Akaifunga blauzi, akaandika namba yake ya simu juu ya mfuko.

Kwa miezi mitatu walipigiana simu kila jioni, hata wakapendana. Danang alimsimulia kuhusu Ratri, mdogo wake aliyekufa kwa homa ya dengue akiwa na miaka kumi na minne, na jinsi mama yao, Bu Sumirah, tangu siku hiyo alivyokuwa akimwinda kila mbu aliyemsikia. Wening alikuwa amemwambia kwamba anafanya kazi ya kuchunguza wadudu kwenye maabara. Baada ya kusikia habari za Ratri, alishindwa kumtajia ni wadudu gani.

Mambo yalifichuka kwenye mgahawa wa gudeg, chakula cha mafenesi machanga, sahani zikifuka moshi mbele yao. Wening alikunja mkono wa nguo ili anawe, Danang akaona ngozi yote imejaa vipele vyekundu. Alishtuka, akataka ampeleke hospitali.

"Siumwi, mpenzi. Nimeumwa na mbu. Nawafuga, nawalisha damu yangu."

"Mbu gani?"

"Wale wale wa dengue."

Danang aliinuka akaondoka, sahani yake haijaguswa.

Wening alipiga simu mara sita kabla Danang hajapokea. Akamweleza kwamba ndani ya miili ya mbu wake anaishi bakteria, ambaye mbu jike huwarithisha wanawe kupitia mayai. Nje ya mdudu bakteria huyo hawezi kuishi. Naye mbu akiwa naye, virusi vya dengue hupata tabu kukua ndani yake. Mbu hao wakiachiwa mjini wakazaana na wenzao, homa hupungua.

"Kwa hiyo niwashukuru mbu?"

"Sijasema hivyo. Nataka unielewe."

"Sikuelewi, Wening. Nikikuwaza wewe namwona Ratri, nikimwaza Ratri nakuona wewe."

Danang akakata simu. Wiki tano zikapita, kila siku akiliangalia jina la Wening kwenye simu bila kujua anataka nini.

Kisha mtaa wa akina Danang ukaitwa kwenye mkutano, kila nyumba iombwe kuweka uani ndoo ya mayai ya mbu wa maabara. Aliyetumwa kueleza alikuwa Wening. Danang alikaa nyuma kabisa. Wening alipomaliza, Bu Sumirah akasimama.

"Mwanangu, mbu hao wangekuja mapema, binti yangu angekuwa hai?"

Danang alitamani Wening aseme ndiyo, papo hapo akatamani aseme hapana.

"Sijui, mama. Wanapunguza homa, hawaimalizi. Siwezi kukudanganya."

"Madaktari waliniambia Ratri atapona," Bu Sumirah alisema. "Niletee ndoo moja."

Danang alimkuta Wening nje akifunga kofia ya pikipiki.

"Hata mama ameelewa," alisema. "Mimi bado."

"Mama hajaelewa. Ameamua tu."

Danang alisugua shingo, akatazama chini, kisha akamtazama yeye. "Utakubali kuolewa na mtu aliyechanganyikiwa?"

"Unaniposa au unatania?"

"Sijui vizuri."

"Basi nenda ukamsaidie mama. Ukishajua, nipigie."

Akawasha pikipiki. Hajafika mwisho wa kichochoro simu ikaita. Alisimama, akavua kofia, akapokea.

"Bado sijaelewa," Danang alisema. "Lakini nakuposa."

Wening alizima pikipiki.

"Njoo basi hapa kwenye kona," alisema, "uniambie tena nikiwa nakuona."

Danang alikwenda akikimbia.